Jiwe Lisilolimika

Katika vijiji vya milimani vya Mbinga, kusini mwa Tanzania, mahali pa tambarare ni adimu. Uwanja wa mpira huchongwa mgongoni mwa mlima, na shuti likipaa juu ya goli mtoto mmoja hutumwa bondeni kuufuata mpira huku wenzake wakikaa chini kusubiri. Nyumba hujengwa pale mlima uliporuhusu, mibuni ikizizunguka, na njia ya kwenda kwa jirani huwa ama ya kupanda au ya kushuka. Mgongo mmoja ukiuvuka unakuta mwingine, na nyuma yake mwingine tena.

Mbuji ni kata mojawapo ya nchi hiyo, Umatengo, nchi ya Wamatengo, na jina lake limetoka nje ya wilaya kwa sababu ya jabali moja. Jiwe la Mbuji limesimama tupu katikati ya mashamba na makazi, kubwa kiasi kwamba mgeni hulidhania mlima mpaka alikaribie na kuona kwamba halina udongo. Michirizi myeusi inashuka ubavuni mwake pale maji ya mvua yanapopita kila mwaka. Ukungu wa rangi ya majivu na machungwa umeganda juu yake, na penye ufa majani yameotea kwenye udongo kiduchu ulioletwa na upepo. Wanaokuja Mbuji huja kwa ajili yake. Hupiga picha, hupanda wakiweza, huondoka. Wachache tu hugeuka kutazama miteremko inayolikabili, na wengine wote wanaikosa historia yenyewe, kwa sababu karibu kila kinachoonekana kutoka kwenye jiwe hilo kimefinyangwa na jembe la mkono kwa zaidi ya karne moja. Jiwe ni mahali ambapo jembe lilishindwa.

Kwanza jiwe lenyewe, ingawa habari zake ni za polepole mno. Chini ya Umatengo kuna miamba ya kale sana iliyopikwa kwa joto na mgandamizo ndani kabisa ya ardhi. Mahali ambapo mwamba ulikuwa na nyufa nyingi, maji yalipenya, yakauozesha, ukawa udongo, na mvua za mamilioni ya miaka zikauchukua. Mahali ambapo mwamba ulishikamana, ulibaki. Kwa hiyo jiwe la namna hii halikuota kutoka chini kama watoto wanavyoambiwa. Nchi iliyolizunguka ndiyo iliyoshuka. Uzito uliokuwa juu yake ulipoondoka, mwamba ulitanuka na kuanza kubanduka kwa maganda kama kitunguu, ndiyo maana majabali ya aina hii yana migongo ya mviringo.

Upande wa magharibi ardhi ilifanya jambo la haraka zaidi, kwa hesabu za miamba. Ilipasuka na kuzama, na mpasuko huo ukajaa maji yaliyokuja kuitwa Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kinapita mita 700. Milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000. Tofauti hiyo ya kimo katika umbali mfupi imeunda uchumi wa watu wake tangu zamani: mahindi na maharage yanashuka, samaki wanapanda. Hadi leo usipa mkavu, dagaa wa Nyasa, unauzwa kwa visado katika magulio ya milimani ambako wanunuzi wamevaa masweta, maana Juni na Julai huko juu ni baridi ya kweli.

Wazee wa Umatengo hawalizungumzii jiwe kwa lugha ya mita. Kwao majabali makubwa, mapango na misitu ya vilele ni makao ya mahoka, roho za waliotangulia, na mahali pa kuombea mvua au kuondoa balaa. Simulizi za Mbuji zinasisitiza kwamba hupandi jiwe kabla wenye mahali hawajaarifiwa, na zinataja watu walioenda kwa jeuri wakapotea njia juu ya mwamba ambao, ukiutazama kutoka chini, hauna pa kupotelea. Msomaji ana hiari ya kuamini au kutoamini. Mimi naona mwiko huo ulifanya kazi ambayo sheria za misitu zimeshindwa kuifanya kwingi: ulizuia watu kukata kila kitu hadi kileleni, mahali chemchemi zinapoanzia.

Watu wengi namna hii walifikaje kwenye milima mikali hivi? Sehemu kubwa ya jibu ni Wangoni. Zwangendaba na watu wake, waliokimbia vurugu za kusini mwa Afrika, walivuka Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa, na huko alifariki miaka ya 1840. Wafuasi wake waligawanyika. Makundi yao yalishuka hadi nchi ya Songea, ambako tayari walikuwapo Wangoni wengine, Wamaseko, na baada ya mapigano ya miaka ya 1860 Wamaseko walifukuzwa kurudi kusini. Zilibaki dola mbili, Njelu na Mshope, na jeshi lao liliishi kwa uvamizi. Vijana walitekwa wakafanywa askari, wanawake wakaolewa, ng'ombe na chakula vikachukuliwa.

Mbele ya jeshi la namna hiyo, mkulima wa bondeni alikuwa na njia mbili: kujiunga au kupanda. Waliopanda hawakuwa kabila moja lililokamilika. Walikuwa koo za asili mbalimbali, nyingine za milimani tangu zamani, nyingine kutoka nchi za jirani, na ndani ya vizazi vichache wakawa watu wa lugha moja na desturi moja. Litembo, si mbali na Mbuji, ndiko kunakotajwa zaidi kama kitovu chao, pamoja na mapango yake. Huko ziwani Wanyasa nao wanalo Pomonda, jabali lililo majini mbele ya Liuli, ambalo simulizi zinasema lilificha watu. Ukisimama chini ya Jiwe la Mbuji huhitaji kuambiwa faida ya jabali tupu wakati wa vita: juu yake kijana mwenye macho mazuri ataona vumbi la jeshi mapema, na mkuki haupandi mwamba unaoteleza.

Lakini usalama una gharama. Watu waliosongamana kwenye miteremko hawawezi kuhamahama na mashamba yao, kukata msitu huu na kuuacha ule upumzike miaka 20. Wanalima palepale, na palepale mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikishuka kwa miezi mitano au sita. Mteremko uliolimwa kwa kawaida katika nchi kama hiyo huisha udongo kabla mtoto hajaoa. Wamatengo wangepaswa kufa njaa. Hawakufa, kwa sababu ya ngoro.

Kazi ya ngoro huanza mvua zinapokaribia kwisha, kama mwezi Machi, kwenye shamba lililopumzishwa likaota majani marefu. Wanaume hutangulia na nyengo, wakafyeka. Majani huachwa yanyauke siku kadhaa, kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari: mistari ya kushuka na mlima, halafu mistari ya kukatisha, hadi mteremko mzima unachorwa vyumba vya mraba vyenye upana wa mita moja na nusu hivi, au zaidi kidogo. Hapo wanawake wanaingia. Kila mmoja husimama ndani ya chumba chake, akachimba udongo wa katikati na kuutupa juu ya majani pande zote nne. Akimaliza, alipokuwa amesimama pamekuwa shimo, na majani yamezikwa ndani ya matuta yanayolizunguka. Anahamia chumba kinachofuata. Maharage hupandwa juu ya matuta hayohayo na kufunikwa na udongo wa mwisho unaochotwa shimoni.

Mvua ikinyesha haikimbii. Inaingia shimoni, inatulia, tope linazama chini, na maji yanaupenya udongo taratibu. Shimo likijaa, linamwagikia la chini yake, si bonde zima kwa mkupuo mmoja. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni, yakaoza. Maharage yakivunwa kuanzia Juni, ardhi hukaa hadi mvua mpya, na mahindi hupandwa kwenye matuta yaleyale kuelekea Desemba. Baada ya mavuno yake shamba hupumzika, na ngoro mpya zikichimbwa, lililokuwa shimo huwa tuta na lililokuwa tuta huwa shimo. Kwa hiyo mbolea ya mwaka juzi inapanda juu na udongo wa mlima unageuzwa wote, kidogo kidogo, bila trekta wala mfuko wa kiwandani.

Ngoro hazikusimama peke yake. Ardhi iligawanywa kwa ntambo: mgongo mmoja wa mlima ulio kati ya vijito viwili, kuanzia kilele hadi bondeni, mikononi mwa ukoo mmoja. Juu palibaki msitu. Chini yake ngoro, kisha nyumba, kisha bustani za bondeni karibu na maji. Baba aliwagawia wana wake humo, na wanaume wa ukoo walikula pamoja katika sengu, baraza la chakula na maneno, ambako mwenye njaa aliiona sahani ya mwenzake na mvivu akasemwa mbele ya watoto. Anayetazama kutoka Mbuji anaona mandhari. Mmatengo wa zamani aliona migongo ya fulani na fulani, na mpaka wa kila mmoja ulikuwa maji yanayotiririka.

Wajerumani walifika Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata Wabenedikto waliifungua misheni ya Peramiho, na mwaka 1899 ile ya Kigonsera, mlangoni mwa Umatengo. Kodi ilifuata. Milima iliyowazuia Wangoni haikuzuia bunduki za rashasha, na Litembo wanaukumbuka mwaka 1902 kwa mapambano na damu iliyomwagika huko. Miaka mitatu baadaye Vita vya Majimaji viliiteketeza Ungoni. Peramiho ilichomwa, na mapema mwaka 1906 Nduna Songea Mbano na viongozi wenzake walinyongwa katika mji unaobeba jina lake. Mabwana wa vita ambao watu wa milimani walikuwa wamewakimbia kwa nusu karne walivunjwa ndani ya miezi michache. Kigonsera, Padri Johannes Häfliger aliandika maneno ya Kimatengo yakachapwa mwaka 1909. Wakati huo watu walikuwa wameanza kushuka kutoka kwenye ngome zao na kueneza ngoro kwenye migongo iliyokuwa bado msitu.

Kuna kisa cha ziwani hapa ambacho siwezi kukiruka, ingawa hakiihusu Mbuji. Wajerumani, walipoliona jabali la Liuli, waliona mnyama wa mawe wa Misri, wakaipa bandari ile jina la Sphinxhafen. Agosti 1914, vita kuu ikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilikuja ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Berndt, nahodha wake, alikuwa rafiki wa Rhoades, na hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zinapigana. Wanasema alipiga makasia kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Akatekwa. Miaka miwili baadaye, Septemba 1916, Waingereza waliingia Songea, na Umatengo ukabadilisha bwana kwa mara nyingine.

Waingereza walikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo, hasa baada ya vumbi lililoharibu mashamba ya Marekani miaka ya 1930. Katika hofu hiyo walikutana na ngoro, wakastaajabu. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya uhifadhi wa udongo wa Wamatengo katika Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1944 Stenhouse akaandika tena juu ya kilimo chao katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Hapa pana kinaya. Serikali iliyosifu mashimo ya Wamatengo ndiyo iliyowaamuru watu wa milima mingine kuchimba matuta ya ngazi, na kuwapeleka mahakamani waliokataa. Uluguru, mpango huo ulianza mwaka 1950 na kuishia kwenye ghasia za Julai 1955. Usambaa pia watu waliuchukia. Tofauti haikuwa kwamba Mluguru alikuwa mvivu. Ngoro zilibuniwa na waliozihitaji, kwenye ntambo zao, kwa majani na udongo walioujua, na mavuno yalionekana mwaka uleule. Matuta ya ngazi yaliletwa na bwana shamba mwenye kofia, yakafukua udongo usio na rutuba na kula siku za kazi bila malipo.

Kodi ililazimisha fedha, na mwanzoni fedha ilitafutwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako vijana wa Kusini walienda kwa mikataba na wengine hawakurudi. Kahawa ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ilipandwa Umatengo tangu miaka ya 1920, ikakubali hali ya hewa, na mwaka 1936 kiliundwa Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, Ngomat, kilichouza tumbaku ya Wangoni na baadaye kahawa ya milimani. Mibuni ilipandwa karibu na nyumba na ngoro zikaendelea kulisha, mpango uliofaa, isipokuwa kwa jambo moja ambalo mwanamke yeyote wa Mbinga atakueleza kabla hujauliza. Ngoro ilikuwa jembe la mwanamke. Kahawa ilikuwa fedha ya mwanamume. Mke alilima chakula kilichomwezesha mume kuhudumia kahawa, akaokota kahawa pia, na siku ya malipo akamsubiri nyumbani.

Nyumba za bati zilienea milimani kwa kahawa, na ada za shule za Kigonsera na Peramiho zililipwa kwa kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapaa duniani hadi mwaka 1977, lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na mazao yakakabidhiwa mashirika ya umma, kwa hiyo sehemu kubwa ya neema ile haikumfikia mkulima. Ushirika uliporejeshwa, Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Kilikopesha mbolea, dawa na hata chakula, na watu walikizoea mno. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi katikati ya miaka ya 1990, MBICU kikaanguka na madeni yake. Mkulima akabaki na mibuni isiyopuliziwa dawa na wanunuzi wanaotaja bei wanayotaka.

Alijibu kwa namna tofauti tofauti. Wengine waling'oa, wengi waliitelekeza mibuni wakisubiri siku njema, na familia nyingi zilitafuta ardhi ya chini, kwenye miombo ya mashariki, kulima mahindi ya kuuza bila ngoro. Uhamaji huo ulikuwa umeanza tangu miaka ya 1960, maana ntambo zilizogawanywa kwa vizazi vitatu zilikuwa zimebaki vipande. Chini huko kijana hupata ekari kadhaa kwa jembe la kawaida. Milimani anapata kipande na mashimo mia ya kuchimba.

Ni wakati huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto walipokuja kupima ngoro kwa vyombo, wakifanya kazi katika vijiji kama Kindimba na Kitanda. Walichokiona kiliwathibitishia wazee: udongo unaotoroka kwenye ngoro ni mdogo kuliko kwenye matuta ya kawaida ya mteremko uleule. Walichokiona pia ni kwamba kazi ile ni nzito, na kwamba mzigo wake mkubwa uko mgongoni mwa wanawake. Binti aliyesoma hadi kidato cha nne hana hamu nayo. Ukipita leo utaona migongo ambako miraba imekoma ghafla na matuta marefu ya kushuka na mlima yameanza. Baada ya mvua kubwa, kijito cha chini yake hubadilika rangi kuwa nyekundu.

Barabara ya lami kutoka Peramiho imefika Mbinga, na nyingine imeshuka hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Zamani msafiri wa masika alilala njiani na gari lake. Sasa anakunywa chai Songea na kula mbasa wa kuchoma ziwani siku hiyohiyo. Kwa hiyo mkoa unalitangaza Jiwe la Mbuji kama kivutio cha utalii, na watu wa Mbuji wanataka wageni hao, kwa haki kabisa. Swali ni mgeni ataonyeshwa nini, na nani atalipwa. Kijana wa kumwongoza kupanda jiwe ataonekana upesi. Mama aliyeinama shimoni mlima wa pili, ambaye bila yeye mandhari yale yangekuwa makorongo, hayumo kwenye tangazo lolote nililoliona, wala hakuna tiketi inayomgusa.

Mwenye kutaka kuona vyote viwili aende Machi au mwanzo wa Aprili, akiwa na koti la mvua na viatu visivyoteleza. Picha nyingi hupigwa kiangazi, mbingu ikiwa safi na mashamba makavu. Machi jiwe hufunikwa na mawingu nusu ya asubuhi, lakini majani yamelazwa kwa miraba kwenye miteremko, na wanawake wako kazini.